Mwongozo wa kulala kwenye kambi ya mahema ya kifahari Serengeti, kwa anayekwenda mara ya kwanza

Maswali ni yaleyale. Hema lina choo? Simba akitaka kuingia, turubai litamzuia? Mtanzania naye analipa kwa dola? Nivae nini? Na lile linaloulizwa kwa sauti ya chini: nikibanwa haja usiku wa manane itakuwaje? Nimeyajibu kwa mdomo na kwa ujumbe wa simu mpaka nimeona heri niyaweke mahali pamoja.

Nazungumzia Serengeti kwa sababu ndiyo inayoulizwa zaidi. Ukienda Tarangire, Ruaha au Nyerere, au ukivuka mpaka kwenda Maasai Mara, taratibu za hemani hazitofautiani sana. Kinachobadilika ni viingilio na barabara. Nimemlenga raia wa Afrika Mashariki anayelipa mwenyewe na hataki kushtukizwa.

Lielewe jambo hili mapema: hema la kifahari lina kitanda kipana, shuka safi, zulia, choo cha kuvuta maji na mhudumu anayekuletea kahawa alfajiri, ila kambi nyingi hazina uzio. Tembo, nyati na fisi wanapita humo humo. Masharti karibu yote utakayopewa yanatokana na hilo, kwa hiyo usiyaone kama ukali wa meneja.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kitambulisho cha taifa (NIDA kwa Mtanzania) au pasipoti. Hiki ndicho kinachokupa kiingilio cha raia. Kwa watoto, beba cheti cha kuzaliwa.
- Begi laini lisilo na magurudumu wala fremu ngumu. Kwa ndege ndogo za hifadhini, kikomo cha kawaida ni kilo 15, na begi gumu halikunjiki kuingia kwenye buti yake.
- Nguo za rangi za udongo: kaki, kijivu, kijani kilichofifia. Epuka nyeusi na bluu iliyokoza, kwani mbung'o (wengine mnawaita ndorobo) huvutwa na rangi hizo na hung'ata hata juu ya suruali. Nguo za mabaka ya kijeshi ziache kabisa. Kwa raia ni kosa kisheria.
- Sweta nzito au jaketi. Seronera, katikati ya Serengeti, iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni hadi Agosti ndani ya gari lililo wazi zinatetemesha. Watu wa Dar na Mombasa ndio huponzwa zaidi hapa.
- Tochi, ikiwezekana ya kuvaa kichwani, na betri ya akiba ya simu.
- Darubini yako mwenyewe. Ya kuazimana na dereva hukufikia chui akiwa ameshashuka mtini.
- Kanga mbili. Moja ya kufunika kamera na uso wakati wa vumbi, nyingine kwa matumizi yote mengine.
- Dawa zako, dawa ya kufukuza mbu, mafuta ya kukinga jua. Kuhusu kinga ya malaria zungumza na daktari kabla ya safari.
- Noti ndogondogo za bakshishi.

Usibebe mifuko ya plastiki. Imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019. Droni nayo iache nyumbani kama huna kibali cha kuirusha hifadhini.

Hatua ya 1: Chagua eneo kwa kufuata mwezi

Serengeti ina ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 14,700. Kusema "nakwenda Serengeti" bila kutaja upande hakumsaidii anayekupangia. Nyumbu, ambao ni zaidi ya milioni moja, huzunguka mwaka mzima wakifuata mvua na majani mabichi:

- Januari hadi Machi wako nyanda za kusini, upande wa Ndutu, na Februari ndipo wanapozaa kwa wingi.
- Mei na Juni huelekea magharibi, ukanda wa mto Grumeti.
- Julai hadi Oktoba wako kaskazini, Kogatende na mto Mara.
- Novemba na Desemba hurudi kusini taratibu.

Mvua haifuati kalenda, kwa hiyo acha nafasi ya wiki mbili tatu huku na huku. Seronera, katikati, ndiyo chaguo la mtu asiye na uhakika: simba, chui na viboko wapo mwaka mzima. Ubaya wake ni magari kurundikana.

Kambi zenyewe ni za aina mbili kubwa. Za kudumu zina sakafu ya mbao au saruji, maji ya bomba na umeme wa uhakika zaidi. Za kuhamahama hufuata nyumbu na hubomolewa msimu ukiisha. Ndizo zenye bafu la ndoo. Usifikiri za kuhamahama ni za bei nafuu. Nyingine ni ghali kuliko hoteli ya ghorofa, na kwa maoni yangu, kwa mtu anayekwenda mara moja katika miaka mingi, ndizo zenye thamani zaidi.

Aprili na Mei, wakati wa masika, kambi nyingi hufunga na zinazobaki hushusha bei. Mwenye bajeti ndogo na asiyeogopa tope aitazame miezi hiyo.

Hatua ya 2: Uliza haya kabla ya kulipa hata shilingi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Bei uliyoiona kwenye tangazo mara nyingi ni ya mgeni kutoka nje. Kambi nyingi zina bei ya wakaazi wa Afrika Mashariki, na tofauti yake si ndogo, lakini nyingine hazikwambii mpaka uulize. Uliza kwa maandishi, ujibiwe kwa maandishi:

- Bei ya mkaazi ipo? Inatumika tarehe zangu?
- Bei ni ya hema zima au ya kila mtu? Nikilala peke yangu kuna nyongeza?
- VAT na tozo ya kulala ndani ya hifadhi zimo, au nalipa pembeni?
- Milo yote imo? Vinywaji je?
- Gari la kutazama wanyama limo?

Hilo la mwisho nimeliweka mwisho makusudi. Kuna bei ya kulala na kula, na kuna bei ya kulala, kula na kuzungushwa na dereva wa kambi. Ukilipia ya kwanza halafu ukashuka uwanja wa ndege bila gari, utakaa kambini ukitazama ndege aina ya kwezi wakigombea makombo. Kukodi gari ukiwa tayari uko porini ni gharama kubwa, na huenda halipo kabisa.

Uliza pia kama kambi iko ndani ya hifadhi au nje ya mpaka, mfano kwenye eneo la Ikona linalohifadhiwa na vijiji. Kulala nje kuna faida zake: baadhi ya maeneo hayo huruhusu matembezi ya miguu na mizunguko ya usiku. Ila kila siku utakayoingia hifadhini utalipa kiingilio na utatumia muda kufika getini.

Kama una watoto, uliza umri wa chini unaopokelewa. Kambi nyingi zisizo na uzio hukataa watoto wadogo, au hutaka walale hema moja na wazazi.

Hatua ya 3: Lipa viingilio kwa njia sahihi

Kambi au wakala akikufanyia, ni vyema. Ukijiendea mwenyewe, getini hawapokei fedha taslimu. Unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa kwa benki, kadi au simu. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, kiasi kidogo mno ukilinganisha na mgeni. Mwenza wako wa kigeni mwenye kibali cha ukaazi yuko kwenye daraja la tatu la bei, basi naye abebe hicho kibali. Bei zilizochapishwa kwa kawaida hazina VAT, ijumlishe mwenyewe.

Kibali cha kuingia hifadhini huhesabiwa kwa saa 24. Ukiingia lango la Naabi saa nne asubuhi, panga kutoka kabla ya saa nne ya siku inayofuata, au kabla ya saa nne ya siku ya mwisho uliyolipia. Madereva wazoefu hupanga ratiba nzima kwa hesabu hii.

Hatua ya 4: Panga njia

Kutoka Arusha kwenda Seronera ni kilomita 335 hivi, kupitia Makuyuni, Mto wa Mbu, Karatu na lango la Loduare, la kuingilia Ngorongoro. Lami inaishia Loduare. Baada ya hapo ni vumbi na mitetemo mpaka mwisho. Watu wengi hawajui kwamba ukipita Ngorongoro, hata bila kusimama, unalipa kiingilio cha Ngorongoro, maana ni mamlaka nyingine.

Watu wa Mwanza, Simiyu na Mara wana bahati: lango la Ndabaka liko kando ya barabara ya lami ya Mwanza–Musoma, na hapo huigusi Ngorongoro. Nashangaa wanaosafiri kutoka Mwanza hadi Arusha ili waingie Serengeti.

Gari lako mwenyewe linaruhusiwa, ila liwe la juu na lenye nguvu magurudumu yote. Mafuta yanapatikana Seronera, kwingine usitegemee. Malango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, na usiku magari hayaruhusiwi kutembea hifadhini. Mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa.

Kwa ndege, uwanja mdogo wa Arusha (Kisongo) ndio wa kuondokea, na utashuka Seronera, Kogatende, Grumeti, Lobo au Ndutu. Hakikisha jina la uwanja kwenye tiketi ndilo ambalo kambi imekutajia. Kutoka Seronera hadi Kogatende kwa gari ni safari ya saa kadhaa.

Hatua ya 5: Fika mapema, sikiliza maelezo

Lenga kufika kabla ya saa kumi jioni. Utapokewa kwa kitambaa chenye maji na juisi, kisha utapewa fomu ya kusaini kwamba unajua uko kwenye makazi ya wanyama. Baadaye meneja au mkuu wa askari atakueleza taratibu.

Wenyeji sisi tuna tabia ya kutikisa kichwa huku tukitazama simu, kwa kuwa "haya tunayajua." Sikiliza. Uliza kwa Kiswahili. Utapata majibu marefu na ya ukweli zaidi kuliko yale wanayopewa wageni. Sema pia mapema kuhusu chakula: kama hutumii nguruwe, kama una mzio, kama unataka ugali. Jikoni ugali haukosekani, wafanyakazi wanakula, lakini mpishi aliyekwisha kuandaa sahani tatu za kizungu hawezi kuusonga saa mbili usiku bila taarifa.

Hatua ya 6: Kagua hema

Kabla mhudumu hajaondoka, fanya haya:

1. Fungua na funga zipu zote, za mlango na za madirisha. Iliyoharibika iseme sasa hivi.
2. Tafuta filimbi, honi au redio ya kuita msaada. Iweke mahali ambapo mkono utaifikia gizani.
3. Uliza maji ya kunywa ni yapi. Ya bomba ni ya kunawa tu.
4. Uliza umeme unatumikaje. Kambi nyingi ni za jua: taa na chaji ya simu sawa, pasi na mashine ya kukausha nywele hapana. Kwingine, kuchaji ni kwenye hema la kulia pekee.
5. Toa chakula chote ulichobeba, hata pipi za mtoto, umpe mhudumu akakihifadhi. Hakuna mjadala hapa. Nyani na tumbili wanajua kufungua zipu, na nyegere akinusa asali hajali unalipa kiasi gani.

Hatua ya 7: Kuoga kwa ndoo

Kwenye kambi ya kuhamahama, mhudumu hupasha maji kwa kuni au gesi, huyamimina kwenye ndoo au mfuko wa turubai, kisha huuvuta juu kwa kamba nyuma ya bafu lako. Bomba la mvua linaning'inia ndani. Kwa kawaida ni lita 20 hivi.

Taja saa unayotaka kuoga. Wengi huchagua baada ya mzunguko wa jioni. Mhudumu akisema kutoka nje "maji tayari," jaribu joto kwa mkono kwanza. Lowa, funga bomba. Jipake sabuni bomba likiwa limefungwa. Fungua tena, jisuuze. Ukifuata hivyo lita 20 zinatosha hata kuosha nywele fupi. Kosa la kila mara ni kuliacha wazi mwanzo hadi mwisho, kisha mtu anabaki na povu machoni akiita ndoo ya pili. Ya pili huletwa, ila utaisubiri ukiwa na baridi. Wenye rasta au misuko mirefu, waoshe nywele nyumbani.

Hatua ya 8: Jioni na usiku

Jua likizama, hutembei peke yako. Hata hema lako likiwa hatua thelathini kutoka meza ya chakula, unamulika tochi au unaita kwa redio, askari anakuja kukuchukua. Humtangulii, wala hubaki nyuma ukipiga picha. Akisimama, simama. Akikuambia mrudi, mnarudi bila kuuliza. Maelezo atakupa mkishafika. Askari hawa, wengi wao vijana wa vijiji vya jirani, wanamtambua nyati gizani kwa harufu na kwa mpumuo.

Chakula cha usiku huwa saa mbili, mara nyingi kwenye meza ndefu moja na wageni wengine. Kabla yake watu hukaa kwenye moto, ambao waongozaji wote wa Serengeti wanauita televisheni ya porini na wote wanacheka kama ndiyo mara ya kwanza. Kaa karibu na dereva wako. Mazungumzo ya pale, kwa lugha yenu wenyewe, yana faida kuliko kitabu chochote cha wanyama.

Ukishaingia hemani:

- Funga zipu mpaka chini kabisa. Hema lililofungwa wanyama hulichukulia kuwa kitu kigumu kimoja, wanalizunguka. Lililoachwa wazi ni habari nyingine.
- Ingiza viatu ndani. Fisi hutafuna ngozi, na ndala za ngozi anazipenda.
- Shusha chandarua.
- Usitoke mpaka asubuhi. Choo kiko ndani, nyuma ya kitanda. Hilo ndilo jibu la lile swali la sauti ya chini.

Halafu kelele zitaanza. Simba akinguruma utadhani yuko mlangoni, wakati sauti ile husafiri kilomita kadhaa. Punda milia hubweka kama mbwa. Swala pala dume, msimu wa kugombea majike, hukoroma kwa sauti nzito ambayo imewafanya watu wazima kuketi kitandani hadi alfajiri. Vishindo na majani kunyofolewa karibu na turubai mara nyingi ni kiboko au nyati anayekula. Usimulike tochi nje na usimsemeshe. Mwache ale.

Hatua ya 9: Asubuhi

Utaamshwa kabla ya kupambazuka, mhudumu akiita "hodi" na kukuletea chai au kahawa. Kubali kuamka mapema kila siku. Simba na chui hutembea wakati wa ubaridi. Saa nne wamelala kivulini na wewe unapiga picha ya mkia. Omba kifungua kinywa kifungwe mkale porini, ili msilazimike kurudi katikati ya mzunguko.

Kwenye gari: usisimame juu ya kiti, usitoe mwili nje karibu na wanyama, usishuke bila dereva kusema, na usimsukume dereva atoke barabarani ili upate picha. Faini ni yake, na kazi yake inaweza kuondoka.

Mchana, kati ya saa sita na saa tisa, hakuna la kufanya ila kulala. Usione unapoteza fedha.

Hatua ya 10: Kuondoka

Bakshishi si lazima, lakini kazi ile ni ngumu na wanaoifanya wako mbali na familia zao kwa wiki nyingi. Kwa kawaida kuna sanduku la wafanyakazi wote, ambalo hufika hata kwa muosha vyombo usiyemwona, na bahasha tofauti ya dereva. Toa kwa uwezo wako, na usiige kiasi cha Mmarekani wa hema la jirani.

Nguo zilizofuliwa zikusanye jana yake. Kambi nyingi hazifui nguo za ndani. Utakuta sabuni ya unga bafuni ufue mwenyewe.

Makosa yanayojirudia

Kulala usiku mmoja tu. Siku ya kufika umechoka, siku ya kuondoka unakimbizana na saa 24. Kama fedha ni za usiku mmoja wa kifahari, ni afadhali ulale usiku mbili kwenye kambi ya daraja la chini kidogo.

Kutaka kuona kusini na kaskazini kwa siku tatu. Utaona barabara.

Kutegemea mtandao. Seronera simu inashika. Ukielekea pembezoni usiahidi kazini kwamba utakuwepo kwenye kikao.

Mambo yakienda kombo

*Zipu imekwama.* Usiivute kwa nguvu. Paka nta ya mshumaa au sabuni kavu kwenye meno yake, isogeze taratibu. Ikigoma na giza limeingia, piga filimbi, watu waje.

*Tembo amesimama kati yako na hema.* Ni mchana, umetoka peke yako. Usikimbie, usimkaribie upate picha. Rudi nyuma polepole mpaka hema la kulia, subiri. Anaweza kukaa saa nzima; agiza chai.

*Siafu wameingia hemani.* Hutokea hasa wakati wa mvua. Usipigane nao. Panda mahali pa juu, ita wafanyakazi, wao wana namna ya kuwageuza njia na watakuhamishia hema jingine.

*Mbung'o wamekuvimbisha.* Kitambaa chenye maji baridi na dawa ya kupunguza mzio husaidia wengi. Ukipata homa baada ya safari, hata ikipita wiki kadhaa, mwambie daktari kwamba ulikuwa hifadhini na uling'atwa, akupime malaria na malale pia.

*Maji ya moto hayaji.* Kwenye mfumo wa jua, siku ya mawingu huchelewa. Omba ya ndoo.

*Mvua imeziba barabara na ndege yako ni saa tano.* Mwambie meneja usiku wa kuamkia safari, si asubuhi. Udongo mweusi wa magharibi na wa Ndutu hunasa magari, na dereva atataka kuondoka saa kumi na mbili kamili akiwa na gari la pili nyuma yake.